Ulimi Uliokuwa Mita

Mficha maradhi kifo humuumbua. Wahenga walipoitunga methali hii hawakumlenga mgonjwa wa tumbo au wa kifua peke yake. Walimlenga kila mtu mwenye doa analolifunika kwa nguo safi, akidhani macho ya watu hayapenyi nguo. Maradhi huweza kunyamaza. Kifo hakijui kunyamaza.

Lazare Mushagalusa alikuwa fundi wa redio mjini Bukavu kabla vita havijamtupa kambini, na kambi ikamtupa Sydney. Shule aliiacha mapema, lakini redio iliyokufa ilipoingia mikononi mwake ilifufuka ikaimba. Mita ya kupimia umeme hakuwa nayo. Alikuwa na ulimi. Aligusisha nyaya mbili kwenye ncha ya ulimi, akafumba jicho moja, akasema, "Betri hii imebakiza nusu," na kweli ikawa nusu. Hapa Blacktown, mtaa wetu wa Sydney, hakuna aliyetengeneza redio. Kitu kikiharibika hutolewa nje, kikawekwa kando ya barabara kama maiti isiyo na ndugu. Basi Lazare akawa mbeba maboksi katika ghala moja la Lidcombe, na ufundi wake ukalala.

Korona ndiyo iliyouamsha. Mwaka wa 2020 jirani yao Chepkoech, nesi kutoka Kenya mwenye wazimu wa kupiga mbizi baharini siku zake za mapumziko, aliingia na kitu kama saa kubwa ya mkononi.

"Papa Bénie, hii ni kompyuta ya mbizi," alisema, akimwita Lazare kwa jina la bintiye. "Nikiwa chini ya maji inaniambia niko kina gani na nipande polepole kiasi gani. Yote inayaweka kichwani mwake. Sasa ule waya wa kuyahamishia kwenye kompyuta ya nyumbani umekatika, na dukani ati meli hazijafika."

"Meli hazijafika!" Lazare alicheka. "Wakubwa wamefunga bahari, na wewe bado unaogelea ndani yake!"

Alichukua waya wa kuchajia simu, kijibao cha umeme kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, pini mbili za shaba na kibanio cha nguo cha mkewe Anésie. Akalehemu, akafungia uzi mwekundu. Kibanio kiliuma ile saa, pini zikakaa mahali pake, na mbizi zote za Chepkoech zikamiminika kwenye skrini.

"Kibanio changu!" Anésie alipiga kelele kutoka uani. "Soksi zako sasa nizibane kwa meno?"

Wapiga mbizi ni kama nyuki. Mmoja akiliona ua, wengine hawachelewi. Chepkoech aliwaonyesha wenzake, nao wakaleta wenzao, hata wazungu wa kule pwani wakawa wanamtumia Lazare ujumbe wakimwita bwana fundi. Alitembea kifua mbele. Tangu aje nchi hii hakuna aliyekuwa amemwita fundi.

"Nikununulie mita," Chepkoech alimwambia. "Kijibao lazima kitoe volti tatu. Kikitoa tano, saa ya mtu inaungua."

"Mita hufa betri, mtoto wangu. Ulimi haufi."

Na kweli, hakuna waya uliotoka nyumba ile bila kupita ulimini. Volti tatu zilimwasha kidogo kama pilipili changa. Volti tano zilimng'ata kama siafu, naye alikitupa kijibao hicho kwenye kopo.

Ikaja baridi ya mwaka wa 2021. Wakubwa wakatufungia. Sisi wa magharibi ya mji tulizungukwa na helikopta juu ya mapaa, polisi wakatuuliza tunakwenda wapi na mkate, na huku upande wa mashariki watu walikuwa wameketi ufukweni wakiota jua. Maghala hayakufungwa, kwa maana maboksi ya wenye nacho lazima yafike. Aliyekohoa alibaki kwake bila mshahara, na nafasi yake ikapewa mwingine. Hayo yalikuwepo, na anayeyakana hakuishi Blacktown.

Jumapili moja Anésie aliandaa ugali wa muhogo na sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa. Lazare alitia tonge mdomoni, akahisi anatafuna karatasi. Akaongeza chumvi. Akaongeza tena.

"Lazare," mkewe alimkazia macho, "hiyo sombe inasafiri kwenda wapi hata unaikausha kwa chumvi kama samaki wa Uvira?"

Binti yao Bénie alicheka mpaka akashika mbavu. Lazare naye akacheka. Lakini moyoni alijua. Kutwa redio ilikuwa ikiimba wimbo mmoja: ukipoteza ladha, kaa nyumbani, ukapimwe. Alijiambia ni uchovu. Akafikiria nafasi yake ghalani, akafikiria watu wa kanisani watakavyoinua vidole. Kesho yake alivaa koti, akapanda treni kwenda Lidcombe, na jioni akalala kitanda kimoja na mkewe kama kawaida.

Wiki ileile Bénie, aliyekuwa akihudumia wazee katika kituo kimoja na kupimwa hukohuko kazini, aliambiwa anao ugonjwa. Nyumba nzima ikapimwa, nyumba nzima ikawa nao. Baba na binti walipona. Anésie alichukuliwa na gari la wagonjwa, akaagana nao kwenye simu iliyoshikwa na nesi wasiyemjua, akafa. Maziko yaliruhusiwa watu kumi. Mwanamke aliyezalisha na kuzika nusu ya Wakongo wa Blacktown, watu kumi! Kaburini Bénie aliombwa aseme neno, akasimulia ile Jumapili ya chumvi, maana ndio utani wa mwisho aliousikia kwa mama yake. Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Lazare aliangalia viatu vyake.

Matanga yalipohamia kwenye simu, swali likawa moja: nani aliyeuleta ugonjwa? Bénie ndiye aliyepatikana nao kwanza. Lazare hakulitaja jina la binti yake hata mara moja. Alitaja wakubwa. "Wale wakubwa wa kituo cha wazee! Hawakuwapa watoto barakoa za maana! Wamemuua mke wangu!" Alisema hivyo kwa kila aliyepiga simu, na kila jiwe alilowarushia wakubwa lilipita kwanza kifuani mwa Bénie. Mjomba wa Bénie, Térence, kaka mkubwa wa marehemu, akiwa Bukavu, alikataa kupokea salamu zake. Kwenye kwaya kiti cha pembeni yake kilibaki wazi. Mwisho akaiacha kwaya, akaacha na kula mezani. Akawa anakula amesimama jikoni, kama mtu anayengoja kufukuzwa.

Lazare aliyaona yote. Kila asubuhi alisema moyoni, leo nitamwambia. Kila jioni alijijibu kwamba wakubwa ndio wenye makosa.

Mwezi wa Desemba nchi ilikuwa imefunguliwa, wapiga mbizi wamerudi baharini, na oda zikarudi. Vijibao vya zamani vilikuwa vimekwisha madukani. Lazare akaagiza vingine vilivyofanana navyo kama mapacha. Akagusisha ulimi. Kimya. Cha pili, kimya. Chakula bado kilikuwa karatasi mdomoni mwake, kwa hiyo alijua kabisa kwamba ulimi ule ni mfu. Lakini kusema ulimi umekufa ni kuwafungulia watu swali la pili: umekufa lini? Akafunga uzi mwekundu, akauza.

Jumamosi moja alasiri Chepkoech alibisha, akaingia bila kicheko chake, akamwaga mezani saa tatu za mbizi. Zote nyeusi, hazisemi.

"Papa Bénie, zimeungua. Hii ya mwisho ni yangu. Mbizi zangu zote za mwezi mzima zimekwenda nayo."

"Ni wale wa kiwandani!" Lazare alidakia. "Wanatuuzia takataka, na serikali inawaangalia tu. Bandari ziko ovyo, hakuna mkaguzi, maskini ndiye anayeumia!"

"Sawa, kiwanda. Lakini si wewe hupima?"

"Nimepima. Kila mmoja."

Chepkoech alitoa mita mfukoni, akauchomeka waya mpya kwenye kompyuta ya Lazare, akagusa pini. "Tano. Ona mwenyewe."

"Mita yako ni mbovu."

"Haya, tutumie yako." Alikigusisha kibanio kwenye ulimi wake mwenyewe, akaruka. "Mama yangu! Hii ni siafu, Mzee! Bénie, njoo uonje, usije ukasema namsingizia baba yako."

Bénie alitoka jikoni akifuta mikono, akaonja, akakunja uso. Kisha akampa baba yake. Lazare alikitia kibanio ulimini. Alijaribu kushtuka kama wao, lakini alichelewa, na mshtuko wake ukawa kama wa mchezaji wa maigizo ya shule.

Chepkoech alimtazama kwa macho ya kazini. Sauti yake ikashuka. "Papa Bénie. Husikii kitu. Ulimi uliondoka na korona, siyo? Inatokea, si aibu. Tangu lini?"

"Ni... tangu tulipougua. Sote."

"Hapana," Bénie alisema.

Alisema taratibu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani. "Chumvi. Papa, ile Jumapili ya chumvi. Mama alikucheka." Alishika ukingo wa meza. "Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimepimwa kazini, nikaambiwa mzima. Jumapili wewe tayari ulikuwa husikii ladha. Mimi nilipatikana nao Jumatano."

Lazare alifungua mdomo kuwaita wakubwa, kama alivyozoea. Hakuna aliyekuja. Wakubwa wana makosa yao, na siku yao itafika. Lakini chumvi ile hakuna waziri aliyeitia kwenye sahani.

"Nilidhani ni uchovu, mwanangu," alisema.

"Ulidhani?"

Akainamisha kichwa. "Nilijua."

Bénie hakulia. Ingekuwa afadhali alie. "Nimeosha mikono hii mpaka imepasuka," alisema. "Kila nikilala namwomba Mama msamaha. Na wewe ulinisikia kupitia ukuta. Uliniacha."

Chepkoech alimshika bega, akamwambia pole. Kwa Lazare hakuwa na pole. Bénie akachukua simu ya baba yake, akapiga, akaiweka mezani katikati ya zile saa zilizokufa, sauti ikiwa wazi. Bukavu kulikuwa asubuhi.

"Allo? Shemeji?" ilikuwa sauti nzito ya Térence. "Kuna nini?"

Bénie alimtazama baba yake, akangoja.

"Shemeji," Lazare alianza. "Ule ugonjwa... si mtoto aliyeuleta. Ni mimi. Niliujua mwilini mwangu, nikaunyamazia, nikalala na dada yako. Halafu nikaacha mtoto aubebe."

Upande wa pili jogoo aliwika, mlango ukafungwa. Lazare alingoja matusi. Aliyatamani, kwa maana mtu anayekutukana bado anaongea nawe.

"Nipe mtoto," Térence alisema.

"Nipo, mjomba."

"Bénie. Umeamkaje, mama yangu?"

Hapo ndipo Bénie alipolia. Aliichukua simu, akatoka nayo nje, na Chepkoech akamfuata na kuurudisha mlango taratibu. Lazare alibaki peke yake. Alichukua koleo, akakata nyaya zilizobaki, mmoja baada ya mwingine. Vibanio akavipeleka uani na kuvirudisha kwenye kamba ya nguo ya Anésie, vikiwa bado na nyuzi nyekundu. Kupitia ua alimsikia binti yake akimsimulia mjomba ile hadithi ya samaki wa Uvira. Safari hii aliisimulia mpaka mwisho wake, pale baba alipojua akanyamaza, kwa sauti ambayo jirani yeyote angeisikia. Mficha maradhi, kifo humuumbua.