Mfasiri wa Baghdadi na Jina la Mmea

Kuuliza si ujinga. Mmeisikia leo jikoni, shangazi yenu alipomwambia bi harusi aliyekuwa akiona haya kuuliza pilau yetu inatiwa nini, nanyi mmenijia mbio mkitaka kujua nani aliisema kwanza. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, kama nilivyoipokea kwa bibi yangu.

Zamani, dola ya Kiislamu ilipokuwa imeenea kutoka Andalusi hadi Khurasani, mji wa Baghdadi ulishikwa na kiu ya vitabu. Vitabu vya Wahindi, vya Waajemi na vya Wayunani viliingia mjini juu ya migongo ya ngamia. Karatasi haikuwa adimu tena, na watu wa dini mbalimbali waliketi jamvi moja wakivifasiri kwa Kiarabu.

Miongoni mwao alikuwamo Mundhir bin Aswad, mfasiri wa Kiyunani, mtu wa makamo aliyeanza kupiga mvi. Kwa wingi wa elimu yake, wenzake walimwita Bahari. Jina hilo alilipenda sana, lakini lilimfunga. Tangu alipopewa, hakuthubutu tena kumuuliza mtu maana ya neno.

Siku moja alikabidhiwa kitabu cha dawa kilichokuwa kikisubiriwa hospitalini. Alikwenda nacho vizuri, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka akakutana na jina la mmea asilolijua. Kitabu kilisema una majani membamba, maua meupe yaliyokunjuka kama mwavuli, na shina lenye uwazi ndani, nao huondoa maumivu. Mstari wa kueleza namna ya kuutumia ulikuwa umeliwa na mchwa.

Mundhir alihangaika siku tatu. Alijua ni nani angemsaidia. Sokoni, njiani kwenda msikitini, aliketi mama mmoja Mkristo, jina lake Irini, mzaliwa wa nchi ya Warumi wa Mashariki, wanakosema Kiyunani, aliyeuza mizizi na majani. Kiyunani kilikuwa lugha ya mama yake. Siku ya tatu Mundhir alisimama mbele yake, akafungua kinywa, kisha akawaona wanafunzi wake wawili kwenye kibanda cha jirani. Akanunua nanaa asiyoihitaji, akaenda zake. Nyumbani akaandika: shamari ya mwituni, ile ya kunukia inayochemshwa na kunywewa kwa maumivu ya tumbo.

Haikupita wiki mbili, Tabibu Yazdad wa hospitali akamjia barazani kwa wafasiri na furaha tele, mkononi ana fungu la majani mabichi.

"Mwalimu, Mungu akulipe heri! Tumeutafuta mmea wako kwa sifa ulizoziandika, tukaupata kando ya mto. Wagonjwa wa tumbo wako kumi na wawili. Maji yapo jikoni yanachemka, adhuhuri watakunywa."

Mundhir alilipokea lile fungu. Shina lilikuwa na madoa mekundu, kama damu iliyorukia. Shamari aliyoijua haikuwa na madoa.

"Nisubiri hapa, Tabibu. Tuma mtu hospitalini, mgonjwa asipewe hata tone."

Akatoka na kilemba kimelegea, akapita katikati ya soko wakati watu wamejaa, akasimama mbele ya Mama Irini. Wanafunzi wake walikuwapo. Safari hii hakuwatazama.

"Mama, nimekuja kukuuliza. Sijui huu ni mmea gani."

Irini aliliponda jani moja kwa vidole, akalinusa, akalitupa upesi.

"Nani kakupa huu, mwanangu?"

"Niliandika kuwa ni shamari."

"Shamari gani? Shamari hunukia, na maua yake ni ya manjano. Huu unanuka panya. Kwetu tuliupaka juu ya uvimbe tu, kinywani hauingii. Anayeunywa, miguu hufa ganzi kwanza, kisha pumzi."

Akamtajia jina lake kwa Kiyunani cha shambani, na Mundhir akatambua kuwa ndilo lile lile la kitabuni. Akakaa chini palepale, katikati ya makapu ya mizizi. Irini akampa maji, naye alipokwisha kunywa, akarudi mbio.

Hospitalini sufuria ikamwagwa kabla ya adhuhuri. Mundhir akalifuta neno shamari mbele ya tabibu na wafasiri wenzake, akawaeleza yote bila kuficha, hata ile nanaa. Mmoja wao, Qurayb, akacheka.

"Wewe, Bahari, umemuuliza muuza mizizi mbele ya soko zima?"

"Nimemuuliza," Mundhir akajibu. "Watu kumi na wawili wangekufa kwa sababu mimi niliona haya. Kuuliza si ujinga, Qurayb. Ujinga ni kuandika usilolijua."

Qurayb akaacha kucheka. Akafungua kitabu chake mwenyewe, akanyoosha kidole kwenye ukurasa. "Basi na mimi nina neno langu hapa," akasema kwa sauti ya chini. "Huu mwezi wa pili sijui maana yake."

Tangu hapo, kila Alhamisi asubuhi, Mama Irini alitandikiwa mkeka barazani kwa wafasiri. Walimsomea majina ya mimea, naye akawasahihisha huku akiwacheka matamshi yao, na wao wakacheka pamoja naye. Mundhir hakuitwa Bahari tena, wala hakulililia jina hilo; alilala vizuri kuliko zamani. Na mjini, mtu alipouma midomo kwa haya, mwenziwe alimwambia maneno yale yale, mpaka yakasafiri nchi kwa nchi, yakatufikia na sisi: kuuliza si ujinga.