Jina la Binti wa Anselmo

Nisikilizeni, na msiharakishe kujibu. Palikuwa na wanawake watatu: Joakina mwenye kumbukumbu, Nandonde mwenye mgongo imara, na Edina ambaye akikasirika harudi nyuma. Watatu hao ndio waliomfikisha Anselmo siku ya uchumba wake.

Anselmo, Mmakonde wa Msumbiji, alikuwa mkata mkonge Muheza. Alipopeleka posa kwa kina Edina, Wabondei wenyeji wa hapo, Mzee Hiza, baba mkubwa wa Edina, aliikataa. Alisema hatamtoa mtoto wao kwa mtu asiyejua babu yake kazikwa wapi.

Nandonde, ambaye Anselmo alimwita mama, alighadhibika. Akafichua alichokificha miaka thelathini: hakumzaa. Wakati wa vita alimkuta kando ya mto Ruvuma, mtoto wa miaka mitatu, analia peke yake. Alitupa mzigo wake wa chakula, akambeba, akavuka.

Edina aliposikia hayo hakuomba ruhusa kwa mtu. Alisafiri hadi kusini, akavuka mto huohuo, akauliza kijiji baada ya kijiji kwa miezi miwili, mpaka akampata Joakina.

Joakina ndiye aliyemzaa. Risasi zilipolia, mtoto alimponyoka mkononi katikati ya umati. Miaka yote alikataa kumwekea matanga, ndugu wakamwita mwendawazimu. Alipofika Muheza alisimama mbele ya Mzee Hiza, akataja mababu saba wa Anselmo na kaburi la kila mmoja. Posa ikapokelewa.

Lakini kwa kina Hiza, siku ya uchumba mwanamume hutamka jina atakalompa binti wake wa kwanza, nalo huwa la mwanamke mmoja, yule aliyemfikisha pale.

"Ulinifichia mwanangu," Joakina alimwambia Nandonde. "Hukutuma hata salamu kuuliza ni wa nani."

"Ningemuuliza nani, maiti? Wewe ulikimbia. Mimi nilisimama."

Edina akawakatiza wote wawili. "Mnamgombania mtoto nitakayemzaa mimi. Bila mimi, mmoja wenu angekuwa bado mwendawazimu, na mwingine bado mwongo. Ataitwa kwa jina langu."

Mzee Hiza akamwamuru Anselmo atamke. Anselmo aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyelegeza uso.

Haya, ninyi mlioketi hapa: mngekuwa mahali pake, mngetamka jina la nani?