Chungu cha Makumbusho na Mwezi wa Mapumziko

Sogeeni karibu, na aliyechoka amwegemee jirani yake, maana hadithi hii ni ya waliochoka na haihitaji mtu akae wima kama askari wa zamu.

Palikuwa na kiwanda cha togwa ya chupa, na ndani yake watu watatu wenye vipawa. Sikudhani alikuwa na macho. Kutwa alikaa mbele ya taa kali, chupa zikimpita, naye akizitoa zenye ufa hata uwe mwembamba kama unywele. Masalu alikuwa na mikono. Alipakia kreti kwenye malori, na hakuna aliyewahi kusikia chupa zikigongana akizibeba yeye. Tuponile alikuwa na sauti. Alipokea simu za wateja wenye hasira, na aliyeanza kwa matusi alimaliza kwa kumuulizia hali ya watoto.

Lakini kamba hukatikia pabovu, na pabovu pa mfanyakazi ni pale panapotumika zaidi. Macho ya Sikudhani yalikuwa yakitoa machozi bila kilio, na daktari alimwambia wazi akae mbali na taa ile mwezi mzima, la sivyo atayapoteza. Mgongo wa Masalu ulikuwa hautaki tena kunyooka asubuhi. Sauti ya Tuponile ilikatika katikati ya neno. Wote waliomba likizo, wote wakaambiwa wasubiri, oda ni nyingi.

Ikaja sherehe ya mwaka ya wafanyakazi, Jumamosi mchana, katika ua wa makumbusho. Sikudhani alikwenda kwa sababu kuhudhuria kulikuwa lazima. Angeachiwa achague, angelala. Alitafuta kiti chenye kivuli, akawakuta Masalu na Tuponile wamekwishakaa hapo.

"Kaa, dada," Masalu alimwambia. "Hapa ndipo wodini."

"Nasikia leo kuna zawadi," Tuponile akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Mtu mmoja atapewa mwezi wa mapumziko, na mshahara wake palepale."

"Mmoja tu?" Sikudhani aliuliza.

"Mmoja. Wakiondoka wawili, eti mtambo utasimama."

Kila mmoja aliutamani mwezi ule, na kila mmoja aliona haya kusema.

Sasa, kiwanda kile kilikuwa na mila yake. Kilianzishwa na mama muuza togwa wa sokoni, kwa hiyo sherehe haikuanza mpaka mkurugenzi, ambaye ni mwanawe, atekewe togwa kwa kata kutoka kwenye chungu. Siku hiyo chungu kilisahauliwa kiwandani. Kamati ya sherehe ikahangaika huku na huku, ikaona chungu kikubwa juu ya jukwaa la mawe, hakina hata kioo cha kukikinga. Kibao cha maelezo kilikuwapo, ila kilifunikwa na bango la kiwanda, na waliolitundika ni kamati hiyohiyo. Wakamimina togwa mpaka shingoni. Kumbe chungu kile cha kale kilifukuliwa kikiwa vipande, kikaunganishwa kwa gundi isiyopatana na maji.

Mkurugenzi akatekewa kata yake, hotuba zikaanza. Wenzake wakimtazama mkurugenzi, Sikudhani alipumzisha macho kwenye chungu, maana chungu hakihutubii. Akaona mstari wa unyevu ukitambaa tumboni mwake, kisha wa pili. Mwanga wa jua ulimchoma, lakini aliyakaza macho yaleyale aliyokatazwa kuyakaza.

"Masalu," akasema, "chungu kinaachia. Pale tumboni, na pale chini kushoto."

Masalu hakuuliza swali. Alipita katikati ya meza, akapiga magoti, akakikumbatia chungu palepale alipoelekezwa. Togwa ikamtiririkia kwenye shati lake la sherehe. Angekaza, kingevunjika; angelegeza, vipande vingemwagika. Akabaki hivyo, mgongo ukiwaka moto, akihema kidogo kidogo.

Watu walipoona mtu amekumbatia chungu cha mkurugenzi, walidhani amelewa. Wengine walicheka, wengine wakaja kumvuta, na spika zilikuwa zikitikisa jukwaa kwa muziki wa kati ya hotuba. Tuponile akashika kipaza sauti. Alikuwa amebakiwa na sauti kidogo, akaitumia yote.

"Ndugu zangu, muziki uzimwe. Asiguswe mtu. Chukueni vikombe, mje mmoja mmoja, mteke taratibu, mmwage ndooni. Mkurugenzi, anza wewe, mila ni yako."

Umati ukatulia. Wakateka kikombe kwa kikombe hadi chungu kikawa kitupu. Tuponile alitaka kuwashukuru, lakini midomo ilicheza tu, neno halikutoka.

Bi Zamzam, mhifadhi wa makumbusho, alikuja na vitambaa akakifunga chungu kama anayemfunga mgonjwa. Kisha akamgeukia mkurugenzi.

"Angekosekana mmoja tu kati ya hawa watatu," akasema, "mimi ningekuwa naokota vigae, na wewe ungekuwa unatafuta wakili."

"Kidole kimoja hakivunji chawa," mkurugenzi akakiri. "Zawadi ya leo ni yenu. Ila mwezi ni mmoja."

"Tugawane, siku kumi kumi?" Sikudhani aliuliza.

"Kila anayeondoka ni lazima nimfundishe wa kumshikia nafasi. Mmoja naweza, watatu siwezi. Amueni wenyewe. Mabasi yakija nitajieni jina. Mkishindwa, zawadi itasubiri mwakani."

Wakarudi kivulini. Masalu hakuweza kukaa, akajilaza kwenye benchi la mawe, usingizi ukamchukua mikono ikiwa bado imepinda kama imeshika chungu. Tuponile alijaribu kusema kitu, akashindwa, akaegemea bega la Sikudhani naye akalala.

Sikudhani hakuwa na moyo wa kuwaamsha, akabaki peke yake na uamuzi. Bila macho yangu, aliwaza, hakuna ambaye angeinuka. Lakini ufa hauzibwi kwa kutazamwa. Na mikono ya Masalu ingefaa nini, kama watu wangemvuta? Na ile sauti ingeokoa nini, kama chungu kingekuwa chini tayari? Akamkumbuka daktari. Akausikia mgongo wa Masalu ukilia alipojigeuza. Alikuwa amechoka kiasi cha kutojua kama anachokitaka ni haki yake au ni choyo. Alijua jambo moja tu: akitaja jina lake, hakuna wa kumpinga.

Mabasi yakapiga honi. Mkurugenzi akaja.

"Haya, Sikudhani. Nani?"

Akafuta machozi, akawatazama wenzake, akafungua mdomo.

Nami hapo ndipo ninapoweka mzigo chini. Aubebe mwenye mabega. Mapumziko ni ya jicho lililoona, ya mkono ulioshika, au ya sauti iliyotuliza? Jumatatu mtambo unawashwa, na wawili wako palepale. Je, wewe ungeamua vipi? Na hao wawili wakiamka, ungewaambia nini?