Kiroboto na Mto wa Bwana Shume

"Paukwa."

"Pakawa, tumeketi."

"Palikuwa na nyumba."

"Iwepo tuingie."

"Ndani ya nyumba palikuwa na paka."

"Awepo tumwone."

"Na juu ya paka palikuwa na kiroboto."

"Naye awepo, ila asitusogelee."

Haya, akae huko huko. Paka mwenyewe aliitwa Bwana Shume, na bibi yake alikuwa Bi Mwanakombo, mjane mwenye nyumba ya mawe yenye ghala nyuma ya jiko. Bwana Shume alikuwa paka wa ndani. Tangu azaliwe hakuwahi kuvuka kizingiti. Samaki alitolewa miiba ndipo akala, na maziwa yakiwa ya baridi aliyatazama tu. Kila kitu laini humo ndani alikihesabu chake. Kiti cha Bi Mwanakombo, chake. Mashuka yaliyokunjwa, yake. Lakini kilichokuwa chake kuliko vyote ni mto mwekundu wa sufi, pale penye dirisha. Siku moja mtoto wa paka wa jirani aliingia akauweka mguu mmoja tu juu ya mto ule. Bwana Shume alimpa kofi moja, pa, na mtoto wa watu hakuonekana tena.

Kiroboto yeye aliingia kwa upindo wa baibui. Salme, binti ya Bi Mwanakombo, alikwenda kumtazama mbuzi wa jirani aliyezaa. Akarudi nyumbani, baibui likiburutwa sakafuni, likapita karibu na Bwana Shume. Chupu. Kiroboto akatua mgongoni.

Alipigwa na butwaa, maskini. Yeye alizoea mbuzi, manyoya magumu na baridi ya banda. Akatazama mbele, manyoya. Akatazama nyuma, manyoya. Akatazama chini, ngozi ya moto inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Kwa mbali huko chini aliusikia moyo wa paka, du, du, du, na kila ukipiga yeye mwenyewe alitikisika mpaka ncha za miguu.

"Subhanallah," akasema Kiroboto. "Kumbe iko nchi nzima inayotembea."

Kisha akaing'ata, maana mshangao haushibishi.

Bwana Shume akaamka. Akajikuna, kwaru, kwaru, kwaru. Akalala. Akang'atwa. Akaamka. Akajikuna, kwaru, kwaru, kwaru.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi mwenyewe nikilifikiri hustaajabu. Kiroboto hajengi kiota. Hutaga juu ya paka, mayai meupe, madogo kuliko punje ya chumvi, nayo huteleza yakaangukia pale paka anapolala. Basi yakaangukia kwenye mto mwekundu, yakaingia mshononi, leo machache, kesho machache, mpaka yakatimia mia. Kiroboto alikuwa akishuka kuyatazama, na akiyatazama alishikwa na woga wa furaha. Yeye mwenyewe mtu hamwoni asipokaza macho, naye amekuwa mama wa mia.

Upande wa watu, Bi Mwanakombo alikuwa na sababu yake.

"Paka wangu kahusudiwa," alisema. "Juzi Bi Maimuna kaja hapa, kamtazama, kasema huyu kanona. Wala hakusema mashallah."

"Mama, hivyo ni viroboto," akasema Salme.

"Watoke wapi viroboto? Paka huyu hata uani hakujui."

Basi ikawa kufukiza ubani, asubuhi na jioni, siku saba. Kiroboto alikaa katika ule moshi mtamu akastaajabu na heshima za nyumba ile. Mgeni akiingia, wenyewe humfukizia ubani wiki nzima.

Siku ya nane Bwana Shume alikuwa na upara kama kiganja karibu na mkia. Salme hakuuliza mtu. Alichukua chanuo la meno membamba, akamkalia paka, akamchana, cha, cha, cha. Zikatoka punje nyeusi. Akaziweka juu ya kitambaa cheupe kilicholowa, na zile punje zikaanza kutoa wekundu, taratibu, kila moja na duara lake.

Bi Mwanakombo aliinama akatazama.

"Hii damu," akasema.

"Yake mwenyewe, mama. Wameinywa, wakainya."

"Astaghfirullah. Na mimi nimemsingizia Bi Maimuna wa watu." Akaketi chini palepale. "Basi keshokutwa ni vunja jungu, nyumba tunaitoa nje kama kila mwaka kabla ya mfungo. Magodoro juani. Mikeka juani. Mashuka maji ya moto. Na ule mto wake utangulie."

"Hasa mto," akasema Salme. "Kumchana peke yake ni kazi bure. Ukimpata mmoja kwenye paka, mia wako kitandani."

Kiroboto alikuwa sikioni mwa Bwana Shume, alisikia yote. Na jua alilijua. Kule kwenye banda la mbuzi aliona matandiko yakitolewa mchana, yakaachwa chini ya jua kutwa, na jioni yaliporudishwa hapakuwa na kidudu hata kimoja kilichokuwa hai. Hata yai moja asingeweza kulibeba, sembuse mia. Akatafuta humo ndani nani ana nguvu za kumwokolea wanawe, akaona mwenye nguvu ni mmoja tu, na huyo ndiye chakula chake.

"Bwana mkubwa," akaita.

"Nani?" akauliza Bwana Shume.

"Mimi mpangaji wako, wa hapa sikioni."

"Ndiye wewe unayenila."

"Kidogo tu, bwana mkubwa. Na kwa kuwa nakula kwako, sipendi kuona ukidhulumiwa. Umesikia? Mto wako unatolewa nje."

"Nje ndiko wapi?"

"Kwa majirani. Nani yuko huko?"

Bwana Shume akafikiri. Macho yakawa membamba. "Yule mtoto wa paka wa jirani."

"Mimi sijasema kitu," akasema Kiroboto.

"Nitaulalia. Nimwone wa kuugusa."

"Vizuri sana. Lakini keshokutwa ni vunja jungu, na nimesikia atapikwa nguru mzima. Wewe ukiwa juu ya mto, nguru atakuwa mdomoni mwa nani?"

Hapo Bwana Shume akapata taabu. Mto, nguru. Nguru, mto. Akiushika mto anamkosa nguru, akimfuata nguru anaukosa mto, naye hajawahi kukosa kitu maishani. Alijikuna, kwaru, kwaru, na haikuwa kwa kuwashwa.

"Kitu cha mtu ambacho hataki kiguswe," akauliza mwisho, "watu hukifanyaje?"

"Wewe ndiye mwenye akili, bwana mkubwa."

"Hukificha."

"Mimi sijasema kitu," akasema Kiroboto.

Siku ya vunja jungu ikafika. Asubuhi nyumba nzima ilikuwa nje. Magodoro yalipigwa fimbo, pu, pu, pu, mikeka ikakung'utwa, masufuria ya maji yakachemka. Wanawake walipokuwa juu darini wakianika godoro kubwa juani, Bwana Shume aliung'ata mto pembeni, akainamisha kichwa, akavuta. Buru, buru, buru, akapita sebuleni. Buru, buru, buru, akapita jikoni. Buru, buru, buru, mpaka ghalani, nyuma ya magunia, gizani, palipokuwa na joto na vumbi la mwaka mzima.

Kiroboto alikuwa mshononi, ameyakalia mayai yake. Alitazama juu akaona lile kofi lililomfukuza mtoto wa jirani likikanyaga kwa uangalifu, na yale meno ya kuvunja mifupa yakishika kitambaa polepole kisichanike. Nchi nzima imeinama inabeba watoto wake mia. Akasahau kuogopa. Alitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka, kwa jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa kubwa.

Bwana Shume akarudi kwa nguru wake. Akala kichwa, akala mkia, akalamba sufuria. Kisha Salme akamkamata akamtia beseni la maji ya sabuni. Alilia kilio cha kusikika nyumba ya saba, akachanwa, akakaushwa, akawa safi kama siku aliyozaliwa.

"Mto wake uko wapi?" akauliza Bi Mwanakombo.

"Si umeupandisha wewe juani?"

"Nilidhani ni wewe."

Wakatafuta kidogo, wakachoka, ikaja saumu, wakasahau.

Nyumba ilitakata. Bwana Shume hakujikuna. Na kila mchana, wenye kufunga wakiwa wamelala, yeye asiyefunga aliingia ghalani, akapanda juu ya mto wake, akajinyoosha.

"Wameshindwa," alisema.

"Wameshindwa, bwana mkubwa," Kiroboto alimwitikia kutoka mshononi, akala kidogo, kwa adabu, pale pasipowasha sana.

Mayai yakapasuka yakawa funza wadogo. Funza wakala vumbi, wakajisokotea vifuko, wakajifungia ndani. Na humo kifukoni, mwana wa kiroboto hali wala hasemi. Anasikiliza. Anangoja kishindo cha hatua na joto la tumbo, hata wiki nzima, hata zaidi. Nani alimfundisha? Hata mama yake hajui.

Siku ya kumi na tano ya mfungo Bwana Shume alikuja ghalani ameshiba, mzito, ardhi ikamsikia, di, di, di. Akapanda. Akajizungusha mara tatu. Akalala, na joto lake likazama kwenye sufi.

Pakawa kimya.

Chupu.

Chupu, chupu.

Chupu chupu chupu chupu, mto mzima ukachemka kama uji. Kiroboto alisimama mshononi akawatazama wanawe wakipanda, kumi, ishirini, hamsini, na hakuweza kuwahesabu kwa sababu macho yalimjaa machozi.

Bwana Shume aliruka mpaka juu ya magunia.

"Nyinyi ni nani?"

"Watoto," wakasema.

"Mmeingilia wapi? Nyumba imefuliwa, magodoro yameanikwa, mimi mwenyewe nimeoshwa kwa sabuni. Nani amewaleta?"

Walitazamana. Walikuwa wamezaliwa dakika ile, hawajajifunza ujanja, kwa hiyo wakamwambia kweli.

"Wewe. Ulitubeba kwa meno yako."

Bwana Shume akafungua mdomo ajibu, lakini mguu wa nyuma ulikuwa umeshaanza kazi. Kwaru, kwaru, kwaru.

Hadithi imefika ukingoni mwa mkeka. Aliyeipenda aikunje aende nayo, asiyeipenda aikung'ute ibaki hapa hapa. Na funzo lake ni hili, wanangu, lishikeni: mdogo hana lolote mbele ya mkubwa. Anayebisha akamwulize Bwana Shume, na amsubiri amalize kujikuna.