Kakakuona na Mwaka wa Shoka

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa nini?

"Pakawa msitu!"

Uko wapi?

"Waulize wakubwa!"

Haya, wakubwa wenyewe ndio hawa ninaowaleta. Na wewe unayetafuna mihogo, tafuna taratibu, usije ukanipoteza njia.

Hapo kale, katika nchi ambayo jina lake nimeapa kutolitaja, aliishi mama kakakuona, magamba mwili mzima. Alikuwa na mwana mmoja tu, na mwana huyo alibebwa kila mahali juu ya mkia wa mama yake. Waliishi chini ya mvule, kando ya chemchemi, jirani na kichuguu. Chakula chao kilitoka humo: asubuhi mchwa, jioni mchwa, sikukuu mchwa.

Siku moja wakasikia ko! ko! ko! Mti chini. Siku ya pili ko! ko! ko! Miti mia chini. Siku ya tatu mama akachungulia, akaona msitu umebaki kipande kama shamba la mtu mvivu.

"Mama," mwana akalia, "wakifika kwenye kichuguu chetu tutakula nini?"

"Hawafiki, mwanangu. Nakwenda kwa Mfalme. Nasikia ana Waziri wa Misitu, na mtu hawezi kuitwa Waziri wa Misitu halafu misitu isimuume."

Masikini! Mnyama wa watu hakuijua serikali.

Sasa sikilizeni desturi ya nchi ile. Kakakuona akionekana mjini, ngoma hupigwa, watu hukusanyika, na mbele yake huwekwa maji, unga na mkuki. Akiyaendea maji, mwaka ni wa mvua. Akiuendea unga, mwaka ni wa shibe. Akiuendea mkuki, kila mtu afiche wanawe, vita vinakuja. Ndivyo walivyofanya babu zao, na babu zao hawakuwa wajinga. Wajinga walikuja baadaye.

Basi mama akafika barazani na mwanawe mkiani. Ngoma zikalia. Bi Mkejina, mchota maji wa Mfalme, akautua mtungi wake. Unga ukawekwa, mkuki ukawekwa.

"Ewe Mfalme," kakakuona akasema, "msitu wangu unakatwa!"

Waziri wa Misitu, Bwana Sembuyagi, akaruka kutoka kitini. "Kimya! Kakakuona hasemi, kakakuona huchagua!"

"Huchagua!" watu wakaitikia.

"Sichagui! Yazuieni mashoka, mwanangu atakufa njaa!"

"Huchagua!"

Akageuka akaenda zake bila kugusa kitu. Waziri akatangaza, "Amekataa maji, amekataa unga, amekataa mkuki. Mwaka huu hakutatokea kitu chochote!" Baraza likapiga makofi, maana serikali ile ilipenda sana kusitokee kitu.

Mara ya pili mama akaja na tawi la mvule mdomoni, akaliweka miguuni pa Mfalme. "Mmesema nichague. Nimechagua hili."

Waziri akalitazama, akalinusa. "Tawi halimo katika desturi. Lipelekwe kwenye kamati." Kamati ya watu kumi na wawili ikaketi siku saba, ikala mbuzi saba. Siku ya saba ikaliona tawi limenyauka, ikaandika: mti huu ni mgonjwa, ukatwe upesi kabla haujaambukiza mingine.

Mara ya tatu mama hakusema neno. Aliliona shoka limelala kando ya kiti cha Waziri. Akajiambia, nikililalia hili, nani atalishika? Akajikunja juu yake, mwanawe ndani, magamba nje, akang'ang'ania.

"Amechagua shoka!" Waziri akapiga kelele za furaha. "Huu ni Mwaka wa Shoka!"

Lo! Vigelegele, ngoma, mbio mbio. Mashoka elfu yakagawiwa, hata vikongwe wakapewa, hata bwana harusi akiwa njiani kwa wakwe. Mfalme naye akaamuru mnyama huyu mwenye baraka alindwe kwa nguvu zote na askari kumi. Askari wakasema hawawezi kumlinda mnyama wasiyemwona, wakafyeka pori lote ili wamwone vizuri. Mvule ukaangushwa. Kichuguu kiliwazuia kuona, wakakivunja.

Mama akaliachia lile shoka, akarudi nyumbani akakuta uwanja mtupu.

"Mama, nina njaa."

Akanusa udongo huku, akanusa kule, hakupata hata mchwa mmoja. Akalia, nasema alilia. Kisha akamwambia mwanawe, "Panda mkiani. Shika sana." Wakapita katikati ya askari kumi waliokuwa wakicheza bao, wala hakuna aliyewaona. Wakavuka mlima wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kama huko walipata kichuguu au hawakupata, sijui, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mwaka ukageuka. Chemchemi ikakosa kivuli, ikakauka. Mvua haikuja. Mfalme akasema, "Mleteni kakakuona atuambie mambo yatakuwaje." Askari kumi wakatazamana.

Lakini Waziri si mtu wa kukwama. Akamwita seremala, akamchongesha kakakuona kwa gogo la ule mvule, gamba kwa gamba, kazi safi kabisa. Sanamu likawekwa barazani. Unga kiganja kimoja ukaletwa, mkuki ukaletwa. Mtungi wa Bi Mkejina ukaja mtupu.

"Kakakuona, chagua," Mfalme akasema, koo limemkauka.

Kimya.

"Chagua basi, baba!"

Kimya.

Mara ya tatu Mfalme akapiga magoti, taji likabingirika vumbini. "Basi sema! Sema lolote, tutalifanya!"

Bi Mkejina akaupindua mtungi wake, akaukalia. "Mfalme wangu, aliyekuwa na mdomo mlimnyamazisha hapa hapa. Leo mnaupigia magoti ubao."

Ngano imefika ukingoni, mimi nashuka. Iliyowafaa bebeni, isiyowafaa niachieni, nitawasimulia mashemeji zangu. Funzo lake ni hili: ukikataa kumsikiliza aliye hai, utakuja kulibembeleza sanamu lake.

Mnauliza Waziri alifanywa nini? Alipandishwa cheo. Sasa ni Waziri wa Maji.