Kwa Nini Funza wa Pamba Haogopi Dawa

Zamani, pamba ilipokuwa bado ngeni huku Usukumani, funza wake alikuwa kiumbe dhaifu. Maji ya majani ya utupa yaliyochemshwa yalimwangusha papo hapo. Watu walinyunyiza mara moja msimu mzima, wakaendelea na kazi nyingine.

Palikuwa na mjane aitwaye Nkwimba, aliyelima na mama mkwe wake, Holo. Mwaka mmoja Nkwimba aliona vitumba vichache vimetobolewa, akashikwa na hofu, maana pamba ile ndiyo iliyokuwa chakula na nguo za wanawe. Basi kila alipoona nondo mmoja, alibeba chungu cha dawa na kunyunyiza. Utupa ulipopungua, akaongeza maji.

“Mwanangu, hapo unawaonjesha tu,” Holo alimwambia. “Chemsha dawa kali mara moja, au waachie buibui na siafu wafanye kazi yao.”

“Si wanakufa, mama? Tazama walivyojaa chini.”

Kweli walikufa, na buibui wakafa pamoja nao. Lakini huku na huku shambani walibaki funza wagumu wachache, wakageuka nondo, wakaoana wenyewe kwa wenyewe.

Msimu uliofuata watoto wao waliunywa utupa kama umande. Nkwimba akachemsha dawa nyeusi tii, akaimimina juu ya kitumba alichokishika mkononi. Funza akatikisa kichwa, akaendelea kula. Nkwimba akaketi juu ya tuta, akalia.

“Wanyonge wote umewaua,” Holo akasema, akimshika bega. “Waliobaki ndio wenye nguvu.”

Kesho yake Nkwimba aling'oa pamba yote, hata ile iliyokwisha kupasuka ikawa nyeupe, akaichoma ili mashamba ya jirani yapone. Holo alibeba naye mzigo baada ya mzigo, bila kumlaumu. Moshi ulipopanda, wakawaona nondo wakiruka kuelekea ng'ambo ya mto. Mwaka ule walikula viazi vya kuomba.

Na tangu siku hiyo, funza wa pamba akipigwa dawa hufa ndugu zake, yeye akasalia. Ndiyo maana huku kwetu hakuna anayenyunyiza kabla ya kulipitia shamba zima akitazama, na mavuno yakiisha kila nyumba hung'oa mashina ya pamba na kuyachoma. Asiyechoma, majirani humjia na moto wao, naye huwapisha waingie.