Bibi wa Baridi Asiyeagwa

Sogeeni, wanangu, mwenye sikio alitege. Katika milima ya Slovakia palikuwa na kijiji cha wachunga kondoo, Javorka, nyumba ishirini za magogo kando ya mto. Kila baridi ilipokaribia kuisha, walitengeneza sanamu la nyasi, wakaliita Morena, Bibi wa Baridi, wakalitosa mtoni ili baridi iondoke, wakarudi bila kugeuka nyuma. Mwiko! Ageukaye hufuatwa na kifo.

Mwaka mmoja walimtosa, theluji ikafika magotini. Wakatengeneza mwingine, wakamtosa, theluji ikafika madirishani. Malisho yakaisha, wanakondoo wakaanza kufa. Wakamtosa wa tatu, wakampa kisogo. Nyuma yao mtu akalia, kwi, kwi, kwi!

Mjane mzee Apolena akasimama.

“Mama Apolena, usigeuke!” wenzake wakamkanya.

“Nimezika mume na wana wawili,” akajibu. “Mimi na kifo tunajuana.”

Akageuka. Morena alikuwa amesimama majini.

“Unalilia nini, bibi?”

“Miezi mitano nimeyafunika mashamba yenu kwa theluji, ikiyeyuka yapate maji. Kila mwaka mnanitupa kama taka, hata kwaheri sipewi. Basi safari hii siondoki.”

Apolena akamega mkate, akautia chumvi, kama wafanyiwavyo wageni kwao. Akamvika shali yake.

“Ahsante kwa maji. Nenda salama, bibi, na mwakani karibu tena.”

Morena akala, akatabasamu, akayeyuka. Kabla jua halijatua, majani mabichi yakachungulia.

Tangu hapo wana Javorka wakimtosa hugeuka wote, wakampungia mkono.

Hadithi yangu nayo ni mgeni, wanangu. Iageni, iende.